Zipatanishe Kwanza: Ushauri kwa Mwenye Datsun 240Z na Kabureta Zake

Anayenunua Datsun 240Z ya zamani hukutana na tatizo hili mapema kuliko alivyotarajia. Asubuhi gari linawaka kwa shida. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda na kushuka, bomba la ekzosi linatoa moshi mweusi, na ukikanyaga mafuta ghafla injini inasita kabla ya kuvuta. Hapo ndipo washauri wanapojitokeza: "Hizo kabureta mbili zimechoka. Zitoe, ufunge Weber tatu, utaona gari lilivyo."

Ndugu msomaji, nakuomba usikubali kabla hujasoma hadi mwisho. Kabureta tatu zina nafasi yake, na nitaieleza. Lakini magari mengi ya aina hii hayana upungufu wa kabureta. Yana kabureta mbili nzuri zisizopatana, zilizofungwa juu ya injini ambayo haijawekwa sawa. Ukifunga tatu juu ya hali hiyo hiyo, umenunua ugomvi mkubwa zaidi kwa bei kubwa zaidi.

Tuanze na gari lenyewe. Nissan ililitoa mwishoni mwa 1969, na kwao Japani liliitwa Fairlady Z. Toleo la 240Z lina injini ya L24: silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili za Hitachi. Afrika Mashariki inalijua vizuri. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa katika 240Z. Mwaka 1973 gari hilo lilishinda tena mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akisaidiwa na Lofty Drews. Safari ya miaka ile, pamoja na matope, vumbi na milima yake, haikumpa ushindi mwenye injini kali tu. Ilimpa yule ambaye gari lake lilifika. Kipimo hicho cha kufika ndicho ninachokuomba ukitumie unapochagua kabureta.

Aina mbili za kabureta, tabia mbili

Kabureta za Hitachi zilizo kwenye 240Z zilitengenezwa kwa leseni ya SU ya Uingereza. Ndani ya kila moja, chini ya kuba la chuma, kuna pistoni inayopanda na kushuka yenyewe kufuatana na hewa ambayo injini inavuta. Chini ya pistoni hiyo imening'inia sindano iliyochongoka, nayo inaingia ndani ya jeti. Pistoni ikipanda, nafasi ya hewa inaongezeka, na wakati huo huo sehemu nyembamba zaidi ya sindano inafika kwenye jeti, hivyo petroli nyingi zaidi inapita. Tundu la hewa linabadilika ukubwa kila wakati kwa mahitaji ya injini, na hiyo ndiyo sababu kabureta za aina hii ni pole mjini na hazichoki safarini. Kwenye 240Z kabureta ya mbele inalisha hasa silinda tatu za mbele, na ya nyuma tatu za nyuma.

Weber DCOE ni kitu kingine. Asili yake ni kampuni ya Edoardo Weber, iliyoanzishwa Bologna, Italia, mwaka 1923. Kila kabureta ina makoo mawili, kwa hiyo ukifunga tatu kila silinda inapata koo lake. Tundu la hewa halibadiliki: umelichagua wewe kwa kuweka pete ya ukubwa fulani ndani ya koo. Petroli inagawiwa na jeti ya sailensa, jeti kuu, jeti ya hewa na pampu ndogo inayomwaga petroli ya ziada ukikanyaga ghafla. Zikichaguliwa vizuri, injini inaitikia mguu mara moja, na sauti yake ni ya kupendeza mno. Zikichaguliwa vibaya, una makosa sita yanayofanana, moja kwa kila silinda. Mikuni za Japani na Dell'Orto za Italia zinafuata mpango huo huo.

Kiwanda chenyewe kinatufundisha jambo hapa. Nissan ilipotengeneza toleo kali la gari hili ililiita Z432: vali nne kwa kila silinda, kabureta tatu, kemshafti mbili. Kabureta tatu zilifungwa juu ya injini iliyoundwa tangu mwanzo kwa kuvuta hewa nyingi na kuzunguka kasi. Injini ya kawaida ya L24, yenye kemshafti moja na vali mbili kwa silinda, kiwanda hicho hicho kiliipa kabureta mbili. Hakikufanya hivyo kwa ubahili. Kilitoa hewa kwa kadiri injini ilivyoweza kuitumia.

Maswali matatu kabla ya kununua

Swali la kwanza: injini yako imebadilishwa? Kama kemshafti ni ile ya kiwandani, hedi haijachongwa na ekzosi ni ya kawaida, kabureta tatu zitakuongezea kidogo sana kwenye nguvu na mengi kwenye bili ya petroli. Kama umeweka kemshafti kali, hedi imefanyiwa kazi na ekzosi inapitisha kwa wepesi, hapo mbili za asili zinaanza kuibana injini kwenye mizunguko ya juu, na tatu zinastahili.

Swali la pili: unaendesha wapi? Mwenye kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi anatoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,700. Hewa ya huko juu ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya sita, na kabureta yoyote isiyo na kifaa cha kujirekebisha itamwaga petroli kupita kiasi. Kwenye Hitachi unatoa kasoro hiyo kwa mkono, kwa kupandisha nati ya jeti kidogo kwenye kila kabureta. Kwenye Weber tatu unafungua na kubadilisha jeti kuu sita, na mara nyingi na zile za sailensa. Kwa anayeendesha kati ya pwani na bara, tofauti hiyo si ndogo. Ila usitarajie kwamba urekebishaji utarudisha nguvu yote ya pwani. Hewa pungufu ni nguvu pungufu.

Swali la tatu: nani atazihudumia? Weber zinahitaji sanduku la jeti za saizi mbalimbali na fundi mwenye subira ya kuzijaribu moja baada ya nyingine. Kama huna sanduku hilo, na fundi wako hajawahi kuzishika, baki na mbili.

Liko kundi moja ambalo nalishauri kubadilisha bila kusita. Magari yaliyouzwa Marekani katika mwaka wa modeli wa 1973, na 260Z zilizofuata, yalipewa kabureta za Hitachi zenye kuba bapa juu, zilizobuniwa kutimiza sheria za moshi. Ni ngumu kurekebisha, na zina sifa mbaya ya kusumbua injini ikiwa moto. Ukinunua gari lililotoka Marekani, tazama kuba. Kama ni bapa, tafuta jozi ya zile za duara za miaka ya kwanza. Wamiliki wengi wamepita njia hiyo na haikuwapoteza.

Ukinunua jozi iliyotumika, usitazame mng'aro wa nje. Shika shafti ya kilango cha hewa, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta, uitikise juu na chini. Ikicheza, hewa itapenya hapo na hutapata sailensa tulivu hata uifanyie nini. Uliza pia kama pistoni na kuba lake ni vya pamoja tangu kiwandani. Vimechongwa kwa kulingana, na kuvichanganya ni kuharibu kabureta mbili kwa mpigo.

Injini kwanza, kabureta mwisho

Kosa ninalolipinga kuliko yote ni kushika bisibisi na kuelekea moja kwa moja kwenye kabureta. Kasoro nyingi zinazoitwa za kabureta ni za moto wa plagi au za vali. Fuata utaratibu huu, wala usiruke hatua.

Pima kompresheni ya silinda zote sita. Kama moja iko chini sana kuliko wenzake, acha kabureta, injini ina ugonjwa wake. Kisha seti tapeti. Kwa L24 ikiwa na moto, vali za kuingiza hewa ni milimita 0.25 na za kutoa moshi ni 0.30. Weka plagi safi zenye nafasi ya milimita 0.8 hadi 0.9. Pointi ziwe kati ya 0.45 na 0.55. Taiming iseti kwa kitabu cha toleo lako hasa, kwa sababu namba zilitofautiana kati ya soko na soko.

Baada ya moto, fuatilia petroli. Badilisha filta. Kagua mipira yote, hasa ule mfupi unaotoka kwenye kibakuli cha floti kwenda kwenye jeti, maana ukizeeka unapasuka na kudondosha petroli. Ndugu zetu walioko Uingereza wawe makini zaidi: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya miaka ya 1970 haikutengenezwa kwa ajili yake. Weka mipira mipya inayostahimili ethanoli.

Hatua inayofuata ni kutafuta hewa inayopenya pasipotakiwa: kwenye gasketi kati ya manifoldi na hedi, kwenye gasketi za kabureta, na kwenye mpira wa buster ya breki. Wengi hupuliza dawa ya kusafishia kabureta na kusikiliza kama mzunguko utabadilika. Kwenye injini hii siipendekezi njia hiyo, kwa sababu ekzosi imepita chini ya kabureta, upande ule ule wa hedi, na dawa ile inawaka. Tumia maji kwenye chupa ya kupulizia. Injini ikibadili sauti, umepata tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta wenyewe ni vali iliyoungua kwa mchanganyiko wenye hewa nyingi.

Kuandaa kila kabureta

Sasa fungua kabureta, moja baada ya nyingine, ili vipuri visichanganyike. Safisha kuba na pistoni kwa kitambaa laini na petroli. Usitumie msasa hata ule mlaini kabisa, kwani pistoni na kuba vinategemea nafasi ndogo mno kati yao. Rudisha, inua pistoni kwa kidole bila dampa (kijiti cha juu ya kuba kinachozama kwenye oili), kisha iachie. Ishuke kwa wepesi na kugonga chini kwa mlio mkavu. Ikikwama, sindano imepinda au jeti haijakaa katikati. Legeza jeti, iweke katikati, kaza, ujaribu tena. Linganisha sindano zote mbili: ziwe za namba moja na zikae kwa kina kimoja kwenye pistoni.

Hakikisha kimo cha petroli kwenye vibakuli vyote viwili kinalingana na kile cha kitabu. Floti ikiwa juu upande mmoja na chini upande mwingine, hakuna nati itakayozisawazisha. Kisha jaza oili nyepesi, SAE 20, kwenye dampa zote mbili. Oili hiyo inazuia pistoni isiruke juu ghafla unapokanyaga mafuta, ili mchanganyiko uwe mzito kwa muda mfupi injini inapouhitaji. Ule mkwamo wa kukanyaga ambao watu huufanya sababu ya kununua Weber, mara nyingi ni dampa kavu.

Mwisho wa matayarisho, vuta chok na kuirudisha ukiangalia chini ya kabureta. Chok ya kabureta hizi inashusha jeti. Jeti moja isiporudi juu yote, kabureta hiyo itamwaga petroli siku nzima huku ukiilaumu sindano.

Kuzipatanisha

Kabureta mbili kwenye injini moja ni kama wapiga kasia wawili katika mtumbwi mmoja: mmoja akivuta zaidi, chombo kinakwenda upande na nguvu ya wote inapotea. Kazi ya kwanza, basi, ni kuzifanya zivute hewa sawa. Mchanganyiko wa petroli unafuata baadaye.

Pandisha nati za jeti zote mbili hadi mwisho, kisha zishushe mizunguko miwili na nusu kila moja. Hapo ndipo pa kuanzia. Washa injini, iendeshe mpaka ipate moto wake kamili, na hakikisha gari liko mahali penye hewa ya kutosha, kizima moto kikiwa karibu. Toa nyumba ya filta ya hewa. Legeza fito zinazounganisha vilango, ili kila kabureta isimame peke yake.

Tumia kipimo cha hewa cha kuweka mdomoni mwa kabureta. Kama huna, chukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, usikilize mvumo. Weka ncha mahali pale pale kwa zote mbili. Geuza skrubu za sailensa, hii kidogo na ile kidogo, mpaka mvumo uwe mmoja na injini iwe kati ya mizunguko 700 na 750 kwa dakika.

Sasa nenda kwenye petroli. Kwa bisibisi nyembamba, inua pistoni ya kabureta moja kwa kiasi cha milimita moja tu. Injini ikiongeza kasi na kubaki juu, petroli imezidi: pandisha nati. Ikishuka mara moja na kutaka kuzima, petroli ni pungufu: shusha nati. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, hapo pameshika. Geuza nati kwa sehemu ndogo ya mzunguko kila mara, kisha ipe injini muda ijibu. Fanya hivyo kwa kabureta ya pili, halafu rudi kwa ya kwanza, kwa sababu zimeunganishwa na bomba la kusawazisha na kila moja inamgusa mwenzake. Kila ukibadilisha mchanganyiko, pima tena hewa.

Wengi huishia hapo, wakashangaa gari linatulia likiwa limesimama lakini linatikisika barabarani. Iko hatua moja zaidi. Funga fito, pandisha injini hadi karibu mizunguko 3,000, upime hewa ya kabureta zote mbili tena. Kama moja inavuta zaidi, rekebisha skrubu ya kusawazisha iliyoko kwenye fito, usiguse zile za sailensa. Vilango vyote viwili vianze kufunguka kwa wakati mmoja. Viungo vya fito vikiwa vimelika, vibadilishe. Ni vitu vidogo, lakini hakuna urekebishaji utakaodumu juu ya viungo vinavyocheza.

Ukiwa umechagua tatu

Kama majibu ya maswali yale matatu yamekupeleka kwenye Weber, nenda kwa busara ile ile. Nunua seti ya tatu zinazofanana kwa namba, usiokoteze moja moja. Kwa L24 inayotembea barabarani, saizi ya 40 inatosha. Silinda moja ya injini hii haifiki sentimita za ujazo 400.

Usivutwe na pete kubwa za koo. Tundu likiwa kubwa mno, hewa inapita polepole kwenye mizunguko ya chini, inashindwa kuvuta petroli ipasavyo, na gari linakohoa mjini, mahali unapoliendesha zaidi. Mafundi wa kabureta hizi wana kanuni ya kuanzia: zidisha saizi ya pete kwa nne upate jeti kuu. Pete ya milimita 32 itakuelekeza kwenye jeti ya 130 au karibu yake. Ni mahali pa kuanzia tu, plagi na barabara ndizo zitakazokuambia uende wapi.

Chunga presha ya petroli. Weber zinataka takriban psi 3. Zaidi ya hapo petroli inasukuma sindano ya floti na kufurika, tena juu ya ekzosi yenye moto. Funga kidhibiti presha, na sahani ya kukinga joto isikosekane. Kupatanisha hewa ni kwa utaratibu ule ule, kabureta tatu badala ya mbili, kisha skrubu sita za mchanganyiko, moja kwa kila silinda, polepole na kwa zamu.

Hukumu ya barabara

Karakana haimalizi kazi hii. Lipeleke gari barabara iliyonyooka, lipande kilima kwa gia ya juu, kisha zima injini kabla haijarudi sailensa, usimame mahali salama utoe plagi. Kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi. Weupe mtupu ni petroli pungufu, na huo ni wa kuogopwa zaidi, kwa kuwa unachoma vali na pistoni kimyakimya huku gari likionekana jepesi na lenye afya. Tazama plagi tatu za mbele na tatu za nyuma kama makundi mawili. Kundi moja likitofautiana na jingine, kabureta yake ndiyo yenye neno. Plagi moja tu ikitofautiana ndani ya kundi, tafuta hewa inayopenya au kasoro ya silinda hiyo, wala usiguse nati.

Andika kila ulichobadilisha kwenye daftari linalokaa ndani ya gari: nati ziko wapi, sindano namba gani, jeti saizi gani, mji gani. Atakayelishika gari hilo baada yako, awe fundi au mwanao, atakushukuru. Na usiruhusu mtu yeyote "aguse kidogo" skrubu moja bila kupima zote.

Ushauri wangu kwa mwenye 240Z ambayo injini yake haijabadilishwa ni huu: tengeneza shafti, weka gasketi na mipira mipya, jaza oili ya dampa, zipatanishe Hitachi zako mbili, uendeshe gari kwa msimu mzima. Baada ya hapo, ukihisi bado injini inaomba hewa zaidi kwenye mizunguko ya juu, utakuwa na haki ya kununua tatu. Naamini wengi wenu hamtazinunua.